Kiberiti Nyuma ya Tairi

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya shule, vilevile vya kidato cha nne, kwa kuwa sikuwa na vingine. Yadi ilikuwa Nyakato, ya shirika la umma lililobeba pamba kutoka vinuni hadi maghalani. Fundi Mkuu alikuwa amelala chini ya lori, inaonekana miguu tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Chakula kiweke pale kivulini."

Nikamwambia sikuleta chakula, nimeleta barua ya ajira, mimi ni dereva. Akatoka taratibu akifuta mikono, akanitazama tangu kichwani hadi kwenye vile viatu.

"Basi niletee hilo gari hapa, tuone kama ni dereva au ni barua."

Nikamletea. Mjomba wangu alikuwa amenifundisha kwenye trekta la chama cha ushirika, na aliyezoea trekta haogopi lori.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee wenye mvi na pensheni. Mimi mvi sina, nina mtoto anayenivuta kitenge ninapoandika, na nimestaafishwa kabla sijafika miaka thelathini. Sioni kwa nini ningoje uzee ndipo niseme. Waliotustaafisha hawakungoja.

Malori yale yalikuwa na gia ngumu. Kushusha gia ulikanyaga klachi mara mbili: ya kwanza kuitoa, unapiga mafuta kidogo, ya pili kuiingiza. Ukikosea, gia boksi inapiga kelele mpaka wauza mchicha wanageuka. Pamba tuliibeba kwa marobota, yaani imeshindiliwa na kufungwa waya, na robota likipangwa vibaya lori linainama kwenye kona ya kwanza, hata uwe nani. Nilianza Nyakato, nikapelekwa Magu msimu mmoja, kisha njia ya Sengerema, ambako nilipandisha lori kwenye kivuko kinyumenyume huku vijana wa gatini wakinicheka. Msimu wa kwanza walicheka. Msimu wa pili walikuwa wanasogea wenyewe kunipisha.

Halafu nikamzaa Kabula. Uzazi ulikuwa mgumu, likizo ikarefuka, na leseni yangu ikaisha muda nikiwa kitandani.

Hapa niwaeleze ninyi mnaoanza sasa. Leseni ilikuwa kijitabu. Ukienda kuihuisha walikuandikia kingine, ila vijitabu vilikuwa vimeisha na vinangojewa kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo walitoa kibali cha muda, karatasi moja yenye picha na muhuri, inayokuruhusu kuendesha kwa mwezi mmoja huku ukisubiri. Mwezi ukipita unarudi kugongewa tena. Aliyechelewa sana kama mimi alipimwa upya kwanza, na dereva wa shirika alitakiwa awe na barua ya mwajiri.

Bila kibali ulikuwa dereva wa uani: unahamisha magari ndani ya geti, ukitoka nje umevunja sheria. Na maneno ya kupunguza wafanyakazi yalishaanza, shirika linatafutiwa mnunuzi. Kila mtu alijua wa uani ndio watakaotangulia. Baba yake Kabula alikuwa ameingia machimbo ya Geita na hakuna aliyesikia habari zake. Usukani ule ndio uliokuwa baba wa nyumba yangu.

Mkuu wa Usafirishaji alikataa kuandika barua.

"Mama Kabula, Mungu amekupa mtoto. Tulia nyumbani, nyonyesha."

"Mkuu, na wewe una watoto, mbona unaendesha?"

"Mimi sinyonyeshi."

"Hata mimi sinyonyeshi kwa mguu. Klachi inakanyagwa kwa mguu."

Makarani waliinamia meza zao, mabega yanacheka. Akaandika kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi. "Nitakuja mwenyewe kukuangalia unavyorudi nyuma," akasema.

Alikuja kweli. Mkaguzi wa Magari, askari mrefu asiyecheka, alituchukua hadi mpando wa Isamilo, pale barabara inapopenya kati ya mawe. Mtihani ulikuwa huu: lori linasimama katikati ya mpando, linawekwa kiberiti nyuma ya tairi, halafu unaondoka. Ukirudi nyuma hata kidogo, kiberiti kinapondeka na kibali huna.

Msichana wangu wa kazi alikuwa na homa siku hiyo. Kabula alikuwa mgongoni.

"Mtoto hapandi gari la mtihani," alisema Mkaguzi.

"Sawa, afande."

Nikafungua kitenge. Nilitazama huku na huku. Palikuwa na mawe, Mkaguzi na Mkuu wangu. Nikampa Mkuu. Alimpokea kwa mikono iliyonyooka kama aliyepewa betri inayovuja asidi.

Kabula akaanza kulia kabla sijafunga mlango. Mama yeyote anajua kinachofuata: maziwa yalianza kutoka yenyewe, blauzi ikalowa mbele. Nikaacha ilowe. Dereva anaondoka kwenye mpando kwa kusikiliza. Unaachia klachi polepole hadi injini inashusha sauti, hapo imeshika, ndipo unaachia breki ya mkono. Sasa nisikilize injini au nimsikilize mwanangu? Nilisikiliza injini. Wanaoniita mama mbaya kwa hilo, waje wanilishie mtoto.

Ikashika. Nikaachia. Lori likapanda.

Niliposhuka, Mkaguzi alikuwa ameinama. Akakiokota kiberiti, akatoa njiti, akawasha sigara yake.

"Mpe mama mtoto wake," alimwambia Mkuu. "Na wewe ukabadilishe shati."

Kabula alikuwa amemkojolea.

Niliendesha kwa kibali miezi mingi, nikigongewa muhuri kila mwezi, vijitabu havijaja. Kisha mwekezaji akaja, na Meneja wake mpya akatuita mmoja mmoja.

"Hii ni karatasi ya muda," alisema akiishika pembeni. "Mimi nataka madereva kamili."

"Barabarani polisi wananiona kamili."

"Hapa ni kampuni, si polisi."

"Na mkataba wako, Meneja, ni wa milele?"

Nilipewa barua yangu ya kupunguzwa, na vijitabu vikafika muda si mrefu baadaye. Changu nilikwenda kukichukua siku hiyohiyo, ingawa sikuwa na gari la kuendesha. Niliwakasirikia wote, na hadi leo sijamaliza.

Lakini msidhani nimekaa. Naendesha pikapu ya mama mmoja wa Kirumba, nabeba dagaa hadi Buswelu. Wiki iliyopita nilimkuta Mkuu wa Usafirishaji kando ya barabara amebeba mfuko wa unga, jua kali. Naye walimpunguza, miezi michache baada yangu, na leseni yake kamili mfukoni. Nikasimama.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Mama Kabula." Alitazama kiti, akamwona mtoto. "Sasa nitakaa wapi?"

"Kaa hapo, umpakate. Mimi naendesha."