Kofi la Babu

Juzi katika afisi ya uhamiaji, chini ya bendera yetu mpya, karani alimwambia kijana mmoja wa mtaa wa Kuze aliyekuja kuomba pasipoti: "Jina lako tumelikagua. Lina doa."

Kijana akapigwa na butwaa. Meli yake yaondoka Jumamosi! "Doa gani?"

Karani akafungua faili kuukuu lililoliwa na mende. "Ulimzaba kofi mkubwa wa forodha, Mzungu, mbele za watu. Ukafukuzwa kazi."

"Mimi? Lini?"

Karani akatazama tarehe, akajikuna kichwa. Kijana alikuwa hajazaliwa. Ndiyo ada yetu: mjukuu hupewa jina la babu.

Hapo nyanya yake aliyemsindikiza akaruka kutoka benchini, buibui lamponyoka. "Kumbe kweli! Mume wangu alituambia, nasi tukamwita mwongo mpaka kufa kwake!" Akapiga kigelegele, afisi nzima ikaitikia.

Karani akacheka. "Basi bibi, naifuta kesi hii."

"Thubutu! Mpe mtoto pasipoti yake. Kofi la mume wangu liache papo hapo!"

Mimi pia nina jina la babu yangu. Zamu yangu ilipofika, jina likakutwa safi kabisa. Nilitoka nimeinamisha kichwa.