Tangazo la Shitanda

Mimi ni shangazi yake Vivian Khavere, dada wa baba yake, na ninauza mikoba ya ngozi pale Kariokor, Nairobi. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa Komarock, mtaani kwao Vivian, wameisimulia habari hii kila mmoja kwa namna yake, na wengine huisimulia wakicheka. Mimi sioni cha kuchekesha.

Vivian alipotaka kwenda chuoni kusomea usanifu wa grafiki, nyumbani hakukukalika. Mama yake alitaka asomee uuguzi, na mimi nilikuwa upande wa mama. Nilimwambia mtoto waziwazi kwamba sijawahi kuona mtu akishiba kwa kuchora. Aliyesimama naye ni baba yake, kaka yangu Shitanda, ambaye anafanya kazi katika kiwanda cha magodoro. Alitusikiliza mpaka tukachoka, kisha akasema, "Mwacheni. Mimi nimetengeneza magodoro maisha yangu yote na hakuna hata moja lenye jina langu." Tukanywea.

Na kweli alimsimamia. Kazi ya kwanza ya chuoni ilikuwa kuchora herufi kwa mkono na rula, herufi moja mara nyingi hadi vidole vya mtoto vikawa vyeusi kama vya fundi wa magari. Shitanda akazibandika sebuleni. Ikaja nembo ya kampuni ya sharubati ambayo haipo popote duniani, akaibandika. Ikaja pakiti ya omena, ikaja fulana waliyoichapa wenyewe, rangi ikaharibu sinki la mwenye nyumba, ikaja picha ya ukuta wa chekechea ambao darasa zima lilienda kuuchora Jumamosi moja. Saa ya ukutani ikahamishiwa jikoni ili kazi zipate nafasi. Mgeni alizungushwa ukutani kwanza ndipo apewe chai, na Shitanda alimweleza kila kitu, hata yale asiyoyaelewa yeye mwenyewe. Binti aliona haya lakini hakumzuia. Walipendana wale wawili hadi mtu unashikwa na wivu.

Muhula wa mwisho mwalimu wao, anaitwa Kiarie, aliwapa mradi wa kufungia masomo. Kila mwanafunzi achague tangazo ambalo watu wa mtaani kwake huliona kila siku, alitengeneze upya, kisha kazi zitundikwe kwenye maonyesho ya chuo. Wenzake walichagua matangazo ya vinyozi, ya kuku wa kukaanga, ya mikutano ya injili. Vivian akachagua tangazo la kifo.

Nani wa Eastlands asiyeyajua? Wiki haiishi kabla hujatumiwa moja kwenye simu. Marehemu amekatwa kutoka picha ya harusi ya watu, bega la jirani limebaki shingoni mwake, nyuma kuna mawingu, njiwa kila kona, na maandishi ya dhahabu ambayo hayasomeki. Vivian alisema watu wetu wanastahili kuagwa kwa heshima zaidi ya hiyo. Hapo hakukosea, nami siwezi kumlaumu.

Kosa lilikuwa mbele. Wasanifu wanapopanga kazi ambayo haijawa na mwenyewe, huweka picha ya kuazima na maneno yasiyo na maana, ili waone tu yatakavyokaa. Kiarie alikuwa amelipiga marufuku jambo hilo. Alitaka kila neno liwe kama la kweli. Vivian akatafuta sura mtandaoni, akaletewa wazee wa Kizungu wanaochekelea bahari. Basi akachukua picha aliyompiga baba yake mlangoni baada ya kanisa, amevaa shati jeupe, anatazama pembeni kama mtu aliyeitwa. Akaandika jina lake lote. Akaandika kuwa ni mwana wa Khavere wa Khayega, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Mama yetu ndiye Khavere, na Vivian alipewa jina lake. Cha kutunga kilikuwa siku ya mazishi tu.

"Kwa nini hukumuuliza?" nilimuuliza baadaye.

"Senje, nilitaka aione kwanza kwa maonyesho," alinijibu. Senje ni shangazi kwa lugha ya kwetu. "Nilijua atafurahi vile imetokea."

Atafurahi. Mtoto wa chuo kikubwa anadhani mtu atafurahi kukuta tangazo la kifo chake. Lakini nikikumbuka ule ukuta wa sebuleni, huenda kweli Shitanda angefurahi.

Wanafunzi wale wana kikundi cha WhatsApp cha kukosoana. Asubuhi moja Vivian akatuma kazi yake humo, akaizima simu, akaingia darasani. Rafiki yake Mitchelle, msichana wa mtaa wa Fedha ambaye hajawahi kumwona Shitanda, alidhani ile sura imetolewa mtandaoni. Akamwandikia, "Niaje Viv, hii imeweza, wacha wasee waone," akaiweka kwenye status yake bila neno la kuieleza. Jirani wa Mitchelle ni mtu wa kwetu. Aliisoma, akashtuka, akaipeleka kwenye kikundi cha watu wa Khayega waishio Nairobi. Kutoka hapo nani angeishika?

Iliponifikia nilikuwa namwonyesha mteja mkoba. Nikaketi chini, kwenye vipande vya ngozi. Sikuwa na shaka hata chembe, na hilo ndilo linaloniuma. Kungekuwa na njiwa na mawingu labda ningeuliza. Lakini lilikuwa tangazo la mtu aliyependwa, limetulia, na jina la mama yetu limeandikwa sawasawa. Nilimpigia Shitanda, hakushika. Kiwandani kwao simu hufungiwa kabatini hadi zamu iishe, nalijua hilo miaka yote, ila siku hiyo akili haikunipa. Mke wake ndiye aliyekimbia hadi lango la kiwanda akilia, na bawabu akamwita Shitanda, akatoka mzima na vumbi la sponji kichwani. Akamkuta mkewe amelala chini.

Tulianza kupiga simu nyumbani Khayega, lakini tulichelewa. Mama yetu ni mzee, na kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumponyoka. Huuliza swali mara mbili, humwita mtu kwa jina la babu yake. Majirani walimwendea wakilia kama inavyopasa, na Mama Bwire, katibu wa akina mama kanisani, akamwonyesha picha kwenye simu. Mama aliitazama kwa muda, akatamka jina la mwanawe, akaanguka.

Mama alipopata nguvu, Shitanda alimpigia. "Mama, ni mimi. Niko mzima." Mama alimsikiliza kwa adabu, akamuuliza ni wa ukoo gani, akamshukuru kwa kupiga, akamrudishia Mama Bwire simu.

Nilimfokea Vivian hadi sauti ikakauka, na sijutii. Shitanda hakumfokea. Alimwambia tu, "Ulikuwa unafanya kazi ya shule," akaingia chumbani. Mtoto alilia kwa hayo maneno kuliko yangu yote. Kiarie naye alikuwa ameshatoa alama, na kazi hiyo ndiyo iliyoongoza darasa. Aliposikia yaliyotokea aliiondoa kwenye maonyesho. Alama hakuzibadilisha.

Tukaambiana kwamba mama akimwona mwanawe kwa macho atamjua. Sauti ya simu inaweza kumchanganya mtu, sura haiwezi. Hilo ndilo tumaini tulilobaki nalo, na ndilo lililotupeleka Khayega, mimi, Shitanda na Vivian.

Mama alikuwa ameketi uani, amejifunga leso kiunoni kama mfiwa. Akina mama wa kanisa walikuwa wamelichapisha lile tangazo kubwa wakalitundika ukutani siku ile ya kwanza, na kila walipojaribu kuliondoa alipiga mayowe. Shitanda akapiga magoti mbele yake.

"Mama, ni mimi. Ni Shitanda."

Mama akamshika uso kwa mikono yote miwili. Akampapasa paji, akampapasa masikio.

"Mnafanana," alisema. "Mnafanana sana. Wewe utakuwa mtoto wa dada yangu."

Kisha akamwona Vivian, na huyo alimjua papo hapo. "Jina langu, njoo hapa. Pole, mama. Tumepotelewa."

Vivian alianguka mapajani mwa nyanya yake. "Kukhu, hajafa. Yuko hapa. Ni mimi nilitengeneza hiyo kitu, si ya ukweli, Kukhu."

Mama akamlaza kichwa, akampigapiga mgongoni. "Hata mimi nilisema hivyo mwanzoni," alimwambia.

Nilijaribu na mimi. Niliongea kwa upole, nikaongea kwa ukali, nikamtajia mambo ya utotoni yanayojulikana na sisi watatu tu. Aliniitikia yote, akisema ndiyo, ndivyo alivyokuwa. Mwishowe nilichoka.

Kwetu mgeni anayekuja matangani haondoki bila kuombwa neno juu ya marehemu. Mama alimgeukia Shitanda, ambaye bado alikuwa chini, akamwambia asimame aseme alivyomjua mwanawe. Kaka yangu alinitazama. Akainuka, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Poleni, mama," alisema. "Mwanao alikupenda sana."

"Najua," mama akajibu. "Lakini ningependa aje nimwone, hata mara moja tu."