Kichwa chini, baba kimya

Leo nimeingia timu ya wakubwa ya kuogelea, na baba hajaniambia hongera.

Ngojeni niwaeleze, hata kama vidole vinauma.

Mi nilijifunza kuogelea ziwani, Kajaga. Baba ndiye alinifundisha. Na kule mutoto anainua kichwa kila saa, anaangalia kama kuna kiboko. Ukisahau, unatolewa mu maji na kofi unakula.

Kwa wadogo nilishinda hivyo hivyo, kichwa juu kama bata.

Lakini kwa wakubwa, mu pisini, bwawa la mashindano, kuinua kichwa ni kuchelewa. Kocha amenipigia kelele mwaka muzima: "We mutoto, mu pisini kiboko atatokea wapi?"

Basi leo, kwenye majaribio, nimekaza. Macho kwenye vigae vya chini, ukuta mpaka ukuta. Nimegusa wa kwanza! Kocha akaruka mu maji na viatu vyake.

Baba alikuwa amesimama pembeni, anaangalia maji. Njia yote mpaka nyumbani, Jabe, kimya. Mi natembea kama nimebeba gunia.

Tumefika mulangoni ndiyo akasema: "Haukuinua kichwa hata mara moja."

"Ndiyo maana nimeshinda, baba."

"Nimeona." Akanipokea begi. "Basi mu ziwa usiingie tena."

Nimeingia moja kwa moja kitandani. Niko nimelala hapa, nywele bado zinanuka dawa ya pisini.

Wenye mumekulia kando ya ziwa, niambieni: hiyo ni hongera, ama ni nini?