Mtamba wa Ofisini

Mimi ni kiguu na njia tangu utotoni, kwa hiyo nyumbani walishangaa waliponiona nimenenepa. Kazi ndiyo iliyonikalisha. Ofisi yetu hapa Bariadi inanunua pamba, lakini wengi wetu pamba tunaiona kwenye kompyuta tu. Wenzetu wawili walipoangushwa na presha, bosi akaamua tutembee. Kwanza aliahidi fulana na chupa za maji. Hakuna aliyenyanyuka. Msukuma utamwamsha kwa fulana? Ndipo akatangaza kwamba atakayetembea kuliko wote hadi msimu uishe atapewa mtamba wa ng'ombe, akatugawia na saa za mkononi za kuhesabu hatua.

Ofisi nzima ikaingia wazimu. Mhasibu wetu, mwenye kitambi cha kuheshimika, alianza kupeleka karatasi jengo la pili mwenyewe, moja moja. Watu walipokea simu huku wanazunguka uwanja. Nilicheka nao, ila nilikuwa na hasira. Wazazi wetu waliuza ng'ombe watusomeshe ili tusitembee nyuma ya ng'ombe, na sasa tumesoma, tunamkimbilia ng'ombe mmoja wa bosi! Hata hivyo mtamba yule nilimtaka kuliko wote. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo ya mama kule Lingeka, na tangu hapo alipoamka asubuhi hakuwa na la kwenda kutazama. Nilitaka apate cha kutazama.

Jumamosi moja nikaenda kumsalimia. Safari ilinikera, maana nilikaa kwenye gari muda mrefu huku nikimwaza mhasibu anavyonipita. Nilipofika nikapiga goti, nikasalimia. Mama akanipa kigoda. Nikamwambia sijachoka, nitasimama. Akaleta uji, nikanywa funda moja, nikaweka kikombe chini na kuanza kuizunguka nyumba. Akaniuliza habari za kaka yangu, yule anayevua samaki ziwani Lamadi, ambaye hakuwa amempigia simu kwa muda. Nami nilikuwa nahema.

"Tutaongea, mama," nikasema, nikapita.

Hakuuliza tena. Nilipozunguka mara ya pili nikamwona amejifunga kanga kiunoni na anaongea na jirani kwenye ua, kwa sauti ya chini. Nikadhani ni mambo yao. Nikazunguka tena na tena, na kila nikitokea mbele ya nyumba naona mwanamke mwingine ameongezeka, ameketi chini, miguu ameinyoosha, kimya. Nikapunguza mwendo, nikajiuliza ni nani aliyefariki hapo kijijini na mbona mama hakuniambia.

Kwetu mtu akitoka mbali akakataa kiti, amebeba msiba. Anatafuta pa kuanzia. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, lakini siku ile halikunijia kabisa, mpaka mama aliposimama njiani mbele yangu.

"Mayu," akaniita, kama mama zetu wanavyowaita mabinti zao, "sema tu. Amezama?"

Nikaapa kwamba hakuna aliyekufa. Nikaeleza habari za bosi, za saa, za mtamba, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojiona mjinga. Hakuna aliyecheka. Mama alinyoosha mkono tu, anataka simu. Nikapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Wanawake wakainamisha vichwa. Nikapiga tena, na kaka akapokea katikati ya kelele za wanunuzi wa dagaa, anauliza kuna nini cha haraka hivyo. Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Akamuuliza kama amekula. Akajibiwa kwamba amekula. Akanirudishia simu, na hapo ndipo alipolia, kwa muda mrefu, na wenzake wakamwacha alie.

Majirani walipoondoka nilivuta kigoda, nikakaa karibu yake. Nilimwambia kwamba ng'ombe huyo ningemletea yeye. Alinitazama bila ukali wowote, na hilo liliniumiza zaidi.

"Ungekuwa umeleta msiba," akasema, "ungekaa na mimi siku tatu."

Barabarani gari la kurudi mjini likapiga honi, na mimi nilikuwa tayari nimesimama.