Mama Chafya na Chujio Jeupe

Saa tatu asubuhi, nyuma ya kibanda chake, fundi magodoro aliyejifunga kitambaa puani na mdomoni anashika kisu na kuanza kulipasua godoro kuukuu kutoka kichwani kwenda miguuni. Kabla hajafika katikati anageuza uso ukutani. Chafya ya kwanza. Ya pili. Kisu kinasubiri hewani. Ya saba ndiyo ya mwisho, naye anajua, kwa hiyo anafuta macho kwa kiwiko na kuendelea pale alipoachia.

Kwenye safu hii ya vibanda hakuna anayemwita jina alilopewa na wazazi wake. Ni Mama Chafya. Zamani majirani walimwitikia "afya" kila mara, kama adabu inavyotaka. Wakachoka. Siku hizi fundi viatu wa kibanda cha pili humpa za jumla anapofungua mlango.

"Nakupa afya za leo zote, Mama, gawa mwenyewe," anasema, bila kuinua macho kutoka kwenye soli.

Ana miaka hamsini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia ndani ya matumbo ya magodoro ya watu. Kazi yenyewe ni kulifungua godoro lililochoka, kutoa pamba iliyogandamana, kuichambua kwa mkono na kuichapa kwa fimbo mpaka ivimbe, kisha kuirudisha na kushona. Godoro moja humpa chakula cha siku tatu. Mto mpya humpa cha nusu siku. Ndiyo maana anayapenda magodoro ya zamani, ingawa yenyewe hayampendi.

"Watu wanadhani wananiletea godoro," anasema. "Wananiletea miaka ishirini ya ngozi zao na nywele zao. Nikilifungua najua nani analala upande gani. Najua mpaka nani halali nyumbani kwake. Ila mimi sisemi, napiga chafya tu."

Chafya za mchana angezivumilia. Kilichomchosha ni usiku. Pua iliziba, kifua kililia kama mlango uliokosa mafuta, naye alilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Mtu anayewatengenezea wenzake pa kulala, mwenyewe usingizi aliusikia kwa jirani.

Daktari wa zahanati alimwambia ni mzio wa vumbi. Akampa vidonge, na mambo mawili ya kuchagua: aache kazi, au walau apate hewa safi chumbani saa za kulala. Mama Chafya aliuliza kama kuna la tatu.

Halikuwepo. Ndipo binti yake wa kwanza, mwalimu wa shule ya mbali, akamnunulia mashine ya kusafisha hewa kwa bei inayokaribia ya magodoro arobaini, akaituma kwa kifurushi. Ni kitu cheupe, kimo chake kama ndoo mbili zilizopandana, kinavuta hewa ya chumba, kinaichuja na kuirudisha.

Ndani ya kifurushi hamkuwa na sharti, lakini kwenye simu lilikuwepo. Muhula mmoja. Mashine ikimsaidia, abaki na kibanda chake. Isipomsaidia, kibanda kifungwe, ahamie kwa binti, ale, anywe, alee wajukuu. Kwa mwingine hiyo ni pepo. Yeye aliisikia kama barua ya kufukuzwa kazi.

"Kwa mwanangu si kubaya," anasema, akichana bonge la pamba. "Ila kule mimi ni bibi tu. Hapa mimi ni fundi."

Akaichomeka mwenyewe. Taa ikawaka, feni ikaanza kunong'ona. Usiku huo akapiga chafya kama kawaida, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Kila Jumapili binti alipiga simu kuuliza hali, naye alijibu kwamba analala kama mtoto mchanga.

"Sikudanganya sana," anasema. "Mtoto mchanga naye si anakesha?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na likizo. Shule zilipofungwa, binti alikuja kumsalimia, wakalala chumba kimoja. Asubuhi macho ya mwalimu yalikuwa mekundu kama ya mama yake. Hakugomba. Alisema tu kwamba leo wanafunga kibanda, na mashine itarudishwa dukani, kwa kuwa imekula umeme muhula mzima bure.

Akafungua mfuniko wa nyuma aifute vumbi kabla ya kuipakia. Chujio likatoka likiwa ndani ya nailoni yake, limefungwa vilevile lilivyotoka kiwandani, jeupe pe.

Mama Chafya alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Binti alipomuuliza kama aliiona ile nailoni, alikiri kwamba aliiona siku ya kwanza, na mikunjo yake akainyoosha. Kwake yeye kila mto mpya hutoka kibandani umevishwa nailoni, na mteja huonywa asiitoe mapema.

"Nikaona kitu cha kuzuia vumbi kimevishwa nailoni kisiingie vumbi," anasema. "Nikasema, hawa waliotengeneza ni mafundi wenzangu."

Binti aliketi sakafuni akacheka. Kisha kicheko kikamgeuka, akajifuta machozi kwa shuka. Mama yake akaona hapo ndipo pa kuomba rehema: muhula uhesabiwe upya tangu nailoni ilipotoka. Mwalimu akampa siku zilizobaki za likizo. Wiki tatu.

Usiku wa kwanza haukuwa na jipya. Wa tano, Mama Chafya aliamka kumekucha, kichwa kiko kwenye mto mmoja. Ile miwili mingine ilikuwa sakafuni, wala hakuisikia ilipoanguka.

"Usiandike nimepona," anasema. "Andika nimelala."

Siku ya mwisho ya likizo walifungua mashine pamoja. Chujio lilikuwa la kijivu kama mgongo wa panya. Mama akapiga makofi: si wanaona, inafanya kazi. Binti alilishika muda mrefu, akilisogeza karibu na dirisha.

"Mama, hiki ninachokiona mimi ni kifua chako," alisema.

Shahidi alikuwa mmoja, na alikuwa ametoa ushahidi kwa pande zote mbili.

Wakapatana, kwa shingo upande wote wawili. Magodoro kuukuu yawe mawili tu kwa wiki, yapasuliwe nje nyuma ya kibanda, pua na mdomo vikiwa vimefungwa kitambaa. Nguo za kazi zilale kibandani, na yeye aoge kabla ya kuingia chumbani. Kipato kimepungua karibu nusu. Binti akaweka chujio jipya, akaandika tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino. Nailoni yake akaondoka nayo ndani ya mkoba, maana anamjua mama yake.

Likizo ijayo watalifungua tena. Likiwa la kijivu kama lile, kibanda kinafungwa, na rufaa hakuna.

Saa sita kasoro anakuja kijana mwenye godoro kichwani. Lingekuwa la tatu wiki hii. Mama Chafya analibonyeza hapa na pale kama mtu anayemsalimia ndugu. Ni zito, limejaa, ni siku tatu za chakula.

"Lirudishe Jumatatu, mwanangu."

"Mama, tutalala wapi mpaka Jumatatu?"

"Laleni nalo. Mmeshalilalia miaka yote hiyo, siku nne zitawatoa roho?"

Kijana anaondoka akinung'unika. Yeye anaingia ndani pole pole, anashika mgongo, anaketi. Anasema hana ndoto kubwa: anataka likizo ijayo mwalimu alifungue lile chujio akose la kusahihisha.

Anamalizia mto mpya wa mteja aliyekuwa akingoja mlangoni, anauvisha nailoni, anafunga fundo. Mteja ameshageuka kuondoka anapoitwa.

"Dada. Ukifika nyumbani, hiyo nailoni itoe."