Siku mama mkwe alipotaka nyota ya binamu yangu ipimwe kwa darubini

Wakuu, tuseme una digrii ya sayansi. Mama mtu mzima anasimama mbele yako uwanjani, ananyoosha mkono juu, anakuuliza: "Katika hizi zote, ya huyu msichana ni gani?"

Utamjibu nini?

Mimi nilikuwa na cheti, nilikuwa na darubini, na nilikuwa na mdomo ambao kwetu unajulikana vizuri. Jibu sikuwa nalo.

Nawasimulia ilivyokuwa, majina tu ndiyo nimebadilisha. Hii si chai. Aliyekuja na sukari yake arudi nayo.

Nakaa Busia, upande wa Kenya. Nusu ya ukoo wetu uko ng'ambo, Uganda, kwa hiyo kuvuka mpaka kwangu ni kama wengine wanavyokwenda dukani. Nilisoma kemia chuoni, kazi bado. Tabia yangu mbaya ni kuuliza. Niliwahi kuuliza kanisani Kaini alimpata wapi mke, nikaombewa.

Rafiki yangu Opio, tuliyesoma naye, anafundisha fizikia Tororo. Yeye na wenzake wana klabu ya elimu ya anga, na klabu ina darubini moja. Si kubwa, lakini inatosha kuonyesha milima ya mwezini. Wanazunguka nayo vijijini watu waangalie bure.

Nilijiunga kwa sababu sikuwa na la kufanya, na pia nilitaka kuhakikisha kwa macho yangu kama Zohali ina pete kweli au tulidanganywa shuleni.

(Inayo. Nimeiona. Nilikasirika kidogo kukosa la kubishia.)

Mara ya kwanza tulikwenda Nabuyoga. Tangazo liliandikwa kisomi: "Maonyesho ya Elimu ya Anga kwa Umma." Alikuja mwalimu mkuu, kwa sababu uwanja ni wake, na mbuzi, kwa sababu majani ni yao.

Opio aliumia sana. Mara ya pili tukapanga Masaba, mbali na taa za malori ya mpakani, na akasema safari hii tangazo ataliandika yeye mwenyewe kwa Kiswahili cha watu. Kiswahili cha Opio alikiokota Malaba kwa madereva. Akaandika:

KUJA UONE NYOTA YAKO. BURE. JUMAMOSI SAA MOJA JIONI.

Nyota yako.

Mnaona wenyewe. Kwa Opio, "yako" ilikuwa ya ukarimu, kama mwenye hoteli anavyosema "hoteli yako". Lakini ukimtajia mtu wa huku nyota yake, hafikirii gesi inayowaka. Anafikiria bahati yake. Nyota imefifia, nyota imechafuliwa, nyota imeibiwa na jirani. Nguzo za umeme kuanzia mpakani zimejaa vibandiko vya wanaosafisha nyota na kurudisha wapenzi waliotoroka. Sisi tukabandika letu kwenye nguzo hizohizo, tena juu yao kidogo.

Nililiona lile neno. Nikanyamaza. Nilitaka kuona nani atakuja.

Sasa nimlete binamu yangu Taaka.

Taaka ni mtoto wa senge, yaani shangazi yangu. Wanakaa Busia ya Uganda na yeye anauza vitenge sokoni. Alikuwa na mchumba, Owor, kijana wa Kisoko, fundi wa kuchomelea mageti. Siku ya introduction ilikuwa imeshapangwa, ile siku ambayo upande wa kijana unakuja kujitambulisha kwa wazazi wa msichana.

Mama Owor alikuwa amekubali kila kitu. Halafu akaenda kwenye maombi, na nabii mmoja wa kike akamwambia kwamba nyota ya huyo msichana imefunikwa, na ikiingia nyumbani kwake itaifunika na ya kijana.

Mama akarudi akatangaza kwamba mguu wake hautakanyaga Busia. Baba yake Owor alishaondoka zamani kwenda kwa mke mwingine, kwa hiyo neno la mwisho ni la mama. Mama asipokwenda, hakuna introduction. Introduction isipokuwepo, hakuna ndoa.

Mimi nilipoambiwa, nilimuuliza Taaka imefunikwa na nini. Sufuria? Blanketi? Na kama imefunikwa, nabii aliionaje?

Taaka akasema, "Wewe siku ukiolewa utahoji hata mchele."

Hakuwa anacheka. Nikaacha.

Siku chache baadaye akanipigia simu sauti imebadilika. Alikuwa ameona tangazo letu kwenye nguzo, na kabla ya kuniuliza mimi alikuwa ameshazungumza na Mama Owor. Amemwambia kuna watu wa chuo wana mashine ya kuangalia nyota. Mama amekubali kuja Masaba. Mashine ikiona nyota ni safi, atakwenda introduction. Ikiona vingine, Owor atafutiwe mwingine.

Nikamwambia, "Taaka, ile mashine haioni bahati ya mtu."

"Inaona nyota au haioni?"

"Inaona."

"Basi."

Jaribuni nyinyi kubishana na hapo.

Jumamosi ikafika. Wakuu, uwanja ulijaa. Palikuwa na mama aliyekuja na chupa ya maji akitaka iwekwe karibu na mashine. Palikuwa na mwendesha bodaboda anayetaka kujua ni nani aliyekalia nyota yake. Mzee mmoja alikuwa na picha ya mke wake ndani ya bahasha, akauliza kama aliyeko Kampala anaweza kuangaliwa kwa picha.

Opio akapanda juu ya tofali akaanza somo lake la mwanga na umbali wa nyota. Kabla hajafika mbali, sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, lini tunaanza kuangaliwa?"

Kuangaliwa. Si kuangalia.

Akashuka, akanivuta pembeni. "Wewe ulisoma ile tangazo yangu?"

"Niliisoma."

"Na ukaona?"

"Niliona."

"Sasa?"

"Sasa umepata watu, mwalimu."

Mama Owor alifika kwa pikipiki, gomesi, gauni lake la heshima, limekaa sawa kama ametoka kwenye gari, mkoba ameukumbatia tumboni. Taaka nyuma yake, kichwa chini. Watu wakawapisha mbele bila kuombwa. Nadhani shida ilikuwa inaonekana.

Nilimsalimia nikapiga goti, maana huyu ni mkwe wetu, na mdomo wangu wote haujawahi kunizuia kupiga goti. Hapo ndipo alipotazama juu, akaniuliza lile swali. Katika hizi zote, ya huyu msichana ni gani.

Kudanganya kulikuwa rahisi. "Ni ile pale Mama, safi kabisa," watu wanapiga makofi, Taaka anaolewa. Lakini miaka yote nimewasema manabii kwa jambo hilohilo. Tofauti yangu na yule wa maombi ingekuwa kwamba mimi nina kifaa chenye miguu mitatu.

Kusema kweli nako kulikuwa rahisi. "Mama, nyota hazijui kama Taaka yupo." Na Mama angepanda pikipiki yake akarudi Kisoko na neno la nabii peke yake.

Taaka alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Mama, unauona ule Msalaba?"

Nikamwonyesha upande wa kusini, nyota nne. Akazifuata na kidole, juu, chini, kushoto, kulia. "Kumbe iko."

"Pembeni yake kuna mbili zinazong'aa sana, zimefuatana. Umeziona? Mimi siwezi kumchagulia mtu nyota, Mama. Chagua wewe moja katika hizo mbili."

Angalieni, hapo sijasema uongo. Ila kuna kitu nilikuwa nakijua. Opio alikuwa amenifundisha kwamba katika hizo mbili, iliyo karibu na Msalaba ukiielekezea darubini yetu inabaki vilevile, nukta moja tu. Ile ya mbali inapasuka. Kwa macho ni moja, ndani ya darubini ni mbili, zimekaa pamoja. Nilitaka aone hiyo. Akichagua ile nyingine, sina cha kumwonyesha.

Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwa ile iliyo karibu na Msalaba.

Mimi nisiyeomba hata mvua, niliomba.

"Hii ya karibu na msalaba," akasema, "hii ni ya kijana yangu. Huyo amekulia kanisani. Ile ya huko nje ndiyo ya huyu."

Nilimwambia Opio ageuze darubini haraka kabla mama hajapata maoni mengine.

Mama akainama. Kwanza akafumba jicho lisilotakiwa. Halafu akaona kope zake mwenyewe, akatuambia nyota ya Taaka ina nywele. Tukamrekebisha. Halafu akatulia.

"Iko mbili," akasema.

Akainua kichwa polepole, akamgeukia Taaka. "Iko mbili. Wewe mtoto, huyu mwingine ni nani?"

Wakuu, hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Kichwani mwangu "mbili" ilikuwa kitu kizuri, mume na mke. Kumbe mama mkwe akiona wawili mahali alipotarajia mmoja, anaona mwanamume wa pili.

"Ameshikwa," akasema yule wa bodaboda.

"Mashine haidanganyi," mzee wa bahasha akaongeza.

Machozi yalikuwa yanamlenga Taaka. Opio akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu, maana nilijua anaanzia kwenye fomula.

Nikasema, "Mama, hakuna aliyeingia katikati. Hizo mbili ziko hivyo tangu zamani. Kwa mbali unaona moja kwa sababu zimekaribiana. Hii inaizunguka ile, ile inaizunguka hii, na mzunguko mmoja unachukua karibu miaka themanini. Wakimaliza wanaanza tena."

"Miaka themanini."

"Karibu."

"Na hawajaachana?"

"Hawajaachana, Mama."

"Nani anamshika mwenzake?"

"Wote. Mkubwa anamvuta mdogo, mdogo anamvuta mkubwa. Hakuna anayeshika peke yake."

Akasema kwa sauti ndogo, nadhani hakuwa anasema na mimi, "Baba Owor hakumaliza na mimi hata shamba moja ya muhogo."

Akainama tena. Safari hii alikaa pale mpaka foleni ikaanza kunung'unika kwamba nyota zao zinatua. Hakushughulika nao. Alipoinuka, alikuwa na hasira, lakini si ya Taaka.

"Nani alisema imefunikwa? Hii imefunikwa wapi?"

Akamshika Taaka mkono. Akatangaza, uwanja mzima usikie, kwamba ile ya karibu na msalaba alikuwa amekosea, hiyo si ya kijana yake. Kijana yake ni huyu mkubwa hapa ndani, na huyu mwenzake wa rangi ya chungwa ndiye Taaka, na yeyote mwenye neno aje kwanza aangalie.

Mwenye neno alikuwa mimi. Nililimeza.

Haukupita muda, wingu likatoka upande wa ziwa likafunika kusini yote. Mzee wa bahasha hakumwona mke wake. Tulimwonyesha mwezi, akasema unafanana naye kidogo.

Mama Owor alikwenda introduction. Alikwenda na ukoo mzima, na alipopewa nafasi ya kuongea hakuzungumzia mifugo ya mahari wala kitu kingine. Alizungumzia mashine. Kwenye hadithi yake darubini ilikuwa kubwa kama bomba la kisima, na miaka themanini ilikuwa imefika mia mbili.

Sasa, nilichojifunza. Nilidhani watu hawaji kwenye shughuli zetu kwa sababu hawapendi sayansi. Hapana. Kila mtu aliyekuja Masaba alikuwa na swali lake, na tulikuwa tunamwita aje asikilize majibu ya maswali ambayo hakuuliza. Klabu ilikaa kikao kuhusu tangazo la Opio. Wengine walitaka lirekebishwe. Nilipiga kura libaki.

Wenye kutaka kujaribu: kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba, giza likishaingia, tazama kusini mahali pasipo na taa. Tafuta Msalaba, halafu zile mbili zinazoufuata. Ya mbali na Msalaba ndiyo yenyewe, jina lake la vitabuni ni Alpha Centauri. Darubini ndogo inatosha. Kama mna klabu kwenu, Mbale, Kisumu, Arusha, popote, semeni hapa mnakutana lini na wapi, tuje.

Na mnaoona nilipaswa kumwambia mama kwamba nyota haina habari na mtu, karibuni tubishane. Lakini kwanza mjibu lile swali la juu.

Nisisahau jambo moja. Baadaye sana, harusi ikiwa imeshasahaulika, nilikuwa najisomea tu nikagundua kwamba hata mimi sikumwambia Mama hesabu kamili. Nyota ile si mbili. Ni tatu. Ya tatu ni ndogo na hafifu, imekaa kando kidogo, na kwa darubini yetu usingeitambua hata ungekesha. Na ukiacha jua, hakuna nyota inayojulikana iliyo karibu nasi kuliko hiyo.

Nikamtumia Taaka meseji: kumbe zilikuwa tatu, ya tatu hatukuiona.

Akajibu: "Nyinyi ndio hamkuiona. Mimi jioni ile nilikuwa nayo tumboni."