Mistari ya Mkaa na Simu Inayowika

Ukuta wa jiko langu la zamani, hapa Mungaa, ulijaa mistari ya mkaa. Mwezi ukiandama nachora mmoja. Ikitimia mitatu nawachanja kuku dhidi ya kideri, ugonjwa unaofagia banda zima, tone moja jichoni, kuku kwa kuku. Shule niliishia darasa la pili, lakini kuku wangu waliuliziwa kwa jina langu sokoni Ikungi.

Kisha mjukuu wangu wa kike, anayekaa mjini Utemini, akatutengenezea programu ya simu. Siku ya chanjo simu inawika kama jogoo. Aliigawa bure, na jinsi alivyoiandika akaacha wazi, anayetaka aisome, airekebishe. Wanawake kijiji kizima tuliiweka. Kwa majivuno nikapaka ukuta chokaa, nikafuta mistari yangu yote. Mjinga mimi.

Mwaka juzi simu zetu zikapata mfumo mpya, ule unaoendesha simu nzima. Programu ikanyamaza, na sisi tukakaa tunamsubiri jogoo wa simu. Akaja kideri. Mizoga ya mitetea niliiokota kwa beseni. Jirani yangu hakubakiwa na kifaranga. Hakunitukana, alipita tu uani kwangu bila shikamoo.

Mjukuu alikuja, akakaa kwenye kigoda changu, chakula hakugusa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umetuulia kuku."

"Nimewaua. Mfumo mpya niliuona siku ileile mliouona ninyi."

"Kwani kuna wanaouona kabla?"

"Wapo, kwa kulipia. Sasa sisi tunaogawa kazi bure tunapunguziwa, bei naiweza. Ukitoka mwingine nitaujaribu mapema. Ila nahitaji simu kama zenu, na inaweza kufutika yote."

Nikamkumbuka mama. Kabla ya mvua alichukua konzi ya mtama, akaulaza kwenye kigae chenye majivu mabichi nyuma ya nyumba. Tuliuchungulia kila asubuhi, tumbo likiunguruma, na ole wake atakayetafuna punje. Ukiota, ndipo shamba lote lilipandwa. Nimeyakumbuka sana majivu yale.

Nikampa simu yangu.

"Na picha za babu humu?"

"Babu yako alipenda kuku kuliko picha. Chukua."

Mfumo mwingine ulipokaribia, aliujaribu kwenye simu yangu, akakuta programu inanyamaza tena. Akaitengeneza, akatugawia upya kabla mfumo haujatufikia. Simu yangu ikarudi, picha za babu zilikwenda.

Ulipotufikia tukasubiri. Mimi, kwa siri, nilikuwa nachora mkaa nyuma ya mlango. Asubuhi nilipochora mstari wa tatu, jogoo akawika mfukoni mwangu, akawika kwa jirani, akawika ng'ambo ya shamba la alizeti.

Jirani akaingia uani, kichupa cha dawa mkononi.

"Shikamoo, mama. Washike, tuanzie huku kwako."